Nilianza na kidonge kimoja cha diazepam msimu wa korosho za jeshi, kutoka ikanichukua miezi 15

Mie ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Tandahimba, Mtwara, kazi yangu mizani na vitabu, ukileta gunia napima naandika kilo nakukatia stakabadhi unaenda zako. Naanza na hilo ili mjue anaeongea hapa ni mtu wa kuandika namba sio daktari, na namba za dozi ntakazotaja humu ni za mwili wangu mie, usizibebe ukaenda kuzijaribu kwa mwili wako.

Wa kusini mnaukumbuka msimu wa 2018. Mwaka wa nyuma yake bei ya kilo ya korosho iligonga elfu 4 na kitu, watu wamenunua bodaboda wameezeka mabati, sasa mnada unafunguliwa wanunuzi wanakuja na bei za chini wakulima wakagoma kuuza, hapa Tandahimba na Newala watu waligoma kwelikweli, hadi mwezi wa 11 Rais Magufuli akasema serikali inanunua zote kwa 3,300 na jeshi litabeba. Malori yakaja, korosho zikaondoka. Hela sasa. Ilikua inakuja kwa mafungu, wenye kilo nyingi wanahakikiwa kwanza shamba kwa shamba, huyu kalipwa jirani yake hajalipwa, na mkulima hana wa kumuuliza ila yule aliemuandikia kilo zake, ambae ndio mie. Walikua wanakuja nyumbani saa 4 usiku, wengine saa 5. Mzee mmoja hakuwa anagombana wala nini, anakuja anakaa kwenye baraza anaweka ile stakabadhi yake juu ya goti anainyoosha na kiganja, ananyamaza. Mtoto wake alikua anatakiwa ada. Yule alikua ananiumiza kuliko waliokua wananitukana na kusema nimeshirikiana na kangomba, wale wanunuzi wa magendo.

Usingizi ukakata. Nalala saa 6 nashtuka saa 8, moyo unapiga kama nimekimbizwa, basi nakaa nahesabu magunia kichwani hadi adhana. Wiki tatu hivyo. Nikaenda kutibiwa, sisemi wapi, aliyenipokea alikua na foleni imetoka hadi nje, akanisikiliza dakika tatu hivi akaandika diazepam miligramu 5, kimoja usiku siku saba. Yule mtu hakukosea, nilikuja kujua baadae kwamba dawa hizi kwa muda mfupi ndio matumizi yake hasa, wiki mbili, ikizidi sana nne. Ila hakuniambia kwamba saba maana yake saba, na mie sikuuliza.

Usiku wa kwanza aisee. Nililala kama nimezimwa swichi. Nimeamka jua limetoka mama watoto ananiangalia anacheka anasema leo umekoroma. Niseme tu ukweli, ile ilikua furaha ambayo sijaipata tena kwenye kile kidonge, usiku kama nne hivi za mwanzo, baada ya hapo nilichokua nanunua ni kumbukumbu yake.

Maana siku saba zikaisha na wakulima bado wanakuja. Nikaenda duka la dawa, nikaonyesha lile karatasi, nikapewa. Mara ya pili nikaonyesha karatasi lilelile limeshakunjika kunjika. Mara ya tatu muuzaji hakuliomba. Mwezi wa nne nikifika tu mlangoni anasema karani, zile zako? anakata kumi kwa mkasi ananifungia. Ni dawa ya cheti hii, yeye anajua na mie najua, lakini ni mtu ninaefahamiana nae na bei yake ni ya chai na chapati, nani atakumbuka kuuliza mpaka lini.

Sasa ujanja wa hivi vidonge ni kwamba havipandi kwa kelele. Kimoja kikawa hakifiki asubuhi, nikaweka viwili. Baadae mchana nikawa natetemeka vidole naandika stakabadhi zinapinda, nikajua ni wasiwasi wa kazi, nikaongeza kimoja asubuhi. Kumbe ule mtetemeko ndio dawa yenyewe inaisha mwilini inadai mwenzake. Hadi 2021 nilikua nameza vinne kwa siku, miligramu 20, na usingizi wenyewe ni uleule wa saa 8 kushtuka. Yani nilirudi pale pale nilipoanzia isipokua sasa nina deni.

Na akili ilikua inavuja. Nampima mtu gunia natamka 78 mkono unaandika 87, kwa karani hiyo ni kesi. Binti yangu alinielezea stori nzima ya shuleni kwao jioni, kesho yake namuuliza vipi shule mbona husemi kitu, akanitazama tu. Nikaanguka na baiskeli njia ninayopita miaka yote. Watu wakawa wanasema karani anakunywa, na mie nikaacha wafikiri hivyo, maana pombe inaeleweka, mtu akinywa anajulikana amekunywa, lakini vidonge watu wana neno moja tu, teja. Nilikua naliogopa hilo neno kuliko kifo. Teja kwa navyojua mie anatafuta stimu, mie stimu sikuisikia toka mwezi wa kwanza, nilikua nameza ili nifanane na mtu.

Aliyevikuta ni mjomba. Na huku kwetu mjomba ni mjomba, kaka wa mama, akiongea yeye baba mwenyewe anakaa kimya. Alikuja mwezi wa 7 mwaka huo 2021 kwenye mambo ya shamba, kipindi cha salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, akawa anatafuta kiberiti kwenye koti langu akatoa karatasi tatu za vidonge. Hakupiga kelele. Akauliza hivi ni vya nini mwanangu, nikadanganya, akamuita mama watoto akamuuliza, mama watoto akalia. Basi mjomba akatoka navyo hadi chooni akavimimina shimoni, akarudi ananawa mikono anasema mwanaume hatawaliwi na chokaa.

Alikua na nia nzuri. Nalisema hili mara mbili, alikua na nia nzuri, na nusura aniue.

Siku ya kwanza hamna kitu. Ya pili hamna kitu, mjomba anatamba kijiji kizima. Hii dawa inakaa mwilini siku nyingi, inatoka polepole, kwahiyo balaa lake linachelewa kuliko dawa nyingine za ukoo wake, na watu wanadanganyika hapo. Ya tatu jasho, shuka linakamuliwa. Ya nne sikulala hata dakika, na masikio yakafunguka vibaya, mama watoto akikoroga uji mwiko ukigusa sufuria mie nasikia kwenye meno. Alfajiri ile wanapulizia salfa shamba la jirani, si unajua wanapulizia mapema upepo haujaamka, ile mashine ikiwaka nilijiona kama inanipulizia ndani ya fuvu, nikajifungia na mto kichwani nalia mtu mzima. Ya tano ngozi inatembea sisimizi, mwanga wa mlango unaniuma, na hofu, hofu isiyo na jina, kama kuna kitu nimesahau na kitu hicho kitaua watoto. Ya sita nilikua nimekaa kwenye mkeka napewa chai na kinachofuata nimehadithiwa.

Nilianguka, nikakakamaa, nikaanza kurusha mikono na miguu. Kwa mtoto wangesema degedege, kwa mtu wa miaka 36 wakasema majini. Mtu akakimbilia kombe, mwingine akaleta kijiko cha bati akakilazimisha mdomoni eti nisijing'ate ulimi, na ndio maana leo hii nina pengo hapa mbele, jino halikuvunjwa na kifafa limevunjwa na kijiko. Nyie mtu akianguka hivyo msimtie kitu mdomoni jamani, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumgonga, mshike saa, zikipita dakika tano mkimbizeni, na kama ni mara yake ya kwanza kuanguka mkimbizeni hata zisipopita. Alieokoa jahazi ni shemeji yangu, alikataa mambo ya mganga akaita bodaboda, nikabebwa mshikaki, dereva mbele yeye nyuma mie katikati kama gunia.

Nikaanguka tena pale mapokezi hospitali. Na unajua walinichoma nini kutuliza? Diazepam. Mjomba alivyoambiwa alitaka kuondoka na mgonjwa wake.

Daktari aliyekuja kunihoji kesho yake alikua dada mdogo tu kwa umri. Akaniuliza dawa gani unatumia, nikasema hamna, akasema kaka nimeshaongea na mkeo. Umetumia tangu lini? Nikamwambia tangu korosho za jeshi. Akacheka, mie nikacheka pengo lile linauma, na nadhani kupona kwangu kulianzia hapo kwa sababu ilikua mara ya kwanza nimemwambia mtu.

Alinielezea hivi, mie nimeiweka kwa lugha yangu ya ghalani. Kichwani kuna breki, kuna kemikali inaitwa GABA kazi yake kutuliza mishipa ya fahamu isipige kelele. Kidonge kinaikuza nguvu ile breki. Sasa ubongo ukiona kila siku kuna vibarua kutoka nje wanafanya kazi yote unawapunguza wale wa kwako, wanaenda makwao. Siku ukiwafukuza wa nje wote kwa mpigo ghala linabaki halina hata mtu mmoja wa kuinua gunia, na malori yanaingia. Ndio kile kilichonitupa chini. Dawa yake ni kuwapunguza wale wa nje mmojammoja huku unawaita wa kwako warudi, na wa kwako wanarudi kwa miguu, hawana haraka. Akasema sio kwamba wewe ni mlevi kaka, mwili wako umezoea, ni vitu viwili, na mwili uliozoea haukomolewi.

Nikarudishwa kwenye miligramu 20 zilezile, zimegawanywa mchana na usiku, nikakaa hapo hadi nimetulia ndio safari ikaanza. Akaniandikia na vile vya miligramu 2 ili hesabu ikae sawa. Nilianza kushuka mbili kila wiki mbili, 18, 16, 14, hadi 10. Kutoka 10 tukapunguza mwendo, moja kila wiki tatu. Chini ya 5 ikawa natoa nusu miligramu kila wiki tatu, maana kumbe chini ndio kugumu, ukitoa moja kwenye 20 ni kama umetoa kilo kwenye gunia, ukitoa moja kwenye mbili umetoa nusu ya mzigo. Nikiwa na bando nilikua nasoma mtandaoni usiku, nikakuta kuna daktari wa Uingereza, profesa Heather Ashton wa Newcastle, aliendesha kliniki ya watu wa vidonge hivi miaka 12 kuanzia 1982 hadi 1994, na alichokua anasisitiza ni hichohicho, polepole, na mgonjwa ndio anaeshika mwendo. Valiam yenyewe, ndio hiyohiyo diazepam kwa jina la biashara, imeingia sokoni 1963. Miaka yote hiyo watu wanaanguka kwenye shimo hili huko kwao, sie huku mtu akianguka ni majini.

Nusu miligramu inakatwaje? Kidonge cha 2 unakigawa mara nne, na kile kidonge chenyewe ni kidogo. Nilikua nachukua karatasi ya kaboni ile nyeusi ya kitabu cha stakabadhi, natandika mezani, kidonge juu yake, wembe mpya wa kufungua siku hiyohiyo, naweka ncha katikati nabonyeza kwa kidole gumba mara moja bila kusugua. Kikipasuka vizuri unasikia tik. Halafu nusu tena. Kwenye ile kaboni nyeusi unga mweupe wote unauona, hata chembe, nalamba kidole naokota. Mikono ikitetemeka naacha anakata mama watoto. Vidonge vyote alikua anakaa navyo yeye, kwenye sanduku la vitenge, funguo kiunoni, ananipa vya siku. Wiki za mwanzo nilimchukia kwa hilo, nilimwambia maneno ambayo siyaandiki.

Na daftari. Nilipiga mistari kama kitabu cha mizani, tarehe, dozi, masaa ya kulala, halafu safu ya mwisho maneno mawili matatu. Nalifungua sasa hivi naona, 12 imeandikwa mara nyingi sana "sijambo", halafu ghafla kwenye 9 "jasho, nimemfokea mtoto", siku mbili baadae "sijambo kabisa", kesho yake "nataka kufa si kweli". Sijui nilimaanisha nini na hiyo si kweli, nadhani nilikua najijibu. Daktari aliwahi kuniambia wazo la hivyo likija usikae nalo peke yako usiku, amsha mtu, na niliamsha. Hali inakuja kama maji ya bahari, yanajaa yanakupwa, unaweza kukaa siku nne mzima unasema nimepona, ya tano unaamka umerudi nyuma, kumbe hujarudi, ni maji yamejaa tu. Bila daftari nisingejua kwamba siku mbaya zilikua zinapungua, maana siku mbaya ikikukuta inakwambia imekuepo siku zote.

Kwenye 6 nilikwama. Mama yangu alifariki, Mungu amrehemu, nikapiga simu kwa daktari nikijua atanikasirikia. Akasema bakia hapohapo kwenye 6, usishuke, ila usipande. Nilibakia miezi miwili. Namshukuru kwa kile kikao cha simu kuliko dawa zote, maana mie kichwani nilijua ni kushuka au kushindwa.

Mengine niliyoyapata njiani. Kahawa baada ya saa 6 mchana niliacha, kusinzia mchana niliacha, saa ya ukutani niliigeuza ikaangalia ukuta maana kuhesabu masaa ya usiku ni ugonjwa mwingine. Kazini nilimwambia mwenyekiti ukweli, nikatolewa mizani nikapelekwa kwenye mafaili, nilijiona nimeshushwa lakini hakuna mkulima aliyeibiwa kilo kwa ajili ya mikono yangu. Usiku nikishtuka naenda kukaa nje natafuna ming'oko iliyobaki, vile viazi pori vya huku kwetu, baridi hivyohivyo, kutafuna kule kunatuliza meno yanayotaka kugongana. Wengine watacheka.

Uraka, ile pombe ya mabibo, ndio uliokua mtihani. Mwezi wa 10 mabibo yameanguka kijiji kizima kinanuka utamu, kila baraza kuna ndoo, na unapita unaitwa. Pombe na hivi vidonge vinashika breki ileile, ukivichanganya pumzi inaweza kukata umelala, hilo nililishika. Nikawa nakataa, nikaambiwa karani umeokoka? mie muislamu. Nikasema ndio nimeokoka. Ikaisha.

Robo ya mwisho nilimeza Novemba 2022. Nilitegemea shangwe, hamna shangwe, nilikua nasubiri kuanguka wiki nzima. Sikuanguka. Usingizi ulichukua miezi mingine kama mitano kukaa sawa, na mpaka leo msimu ukianza kuna siku nashtuka saa 8, nasikia korosho za mti wa uani zinaangukia bati, po, kimya, po. Nalala hapo nazisikiliza. Zamani ningenyoosha mkono kwenye koti.

Duka lile bado napita, kununua panado za watoto. Muuzaji hakuwahi kuniuliza nilipotelea wapi na mie sijamwambia. Kuna siku niko kaunta mama mmoja anachukua zilezile kumi za mkasi, nikataka kusema kitu nikashindwa, nikamfuata nje nikamuuliza tu shikamoo mama, hizo daktari alikwambia mpaka lini. Akaniangalia kama nimemtukana. Akaondoka. Alikuja nyumbani kwangu siku ya tatu, sasa hivi wanamshusha hukohuko nilikoshushwa mie.

Mjomba hajawahi kuomba radhi na sikutegemea, mjomba haombi radhi. Ila mwaka jana kapimwa kakutwa na presha, kaanzishwa dawa. Juzi kaja, kakaa kwenye kiti kilekile alichokaa siku ile, kaongea mambo ya mbaazi weee, halafu akaingiza mkono mfuko wa shati akatoa karatasi ya vidonge akaiweka mezani mbele yangu taratibu. Hizi mwanangu, nazo mtu haachi ghafla? Nikamwambia mjomba, hizo kamuulize aliyekuandikia, usiniulize mie wala usimuulize mtu wa duka. Akasema hata zikiwa zinanikojolesha? Nikasema hata hivyo mjomba. Akazirudisha mfukoni akafunga na kifungo, akamuita mama watoto alete chai.